Bwana, mimi sina mtu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye Yohana 5, ile habari ya birika la Bethzatha, ambapo wagonjwa walingoja maji yatibuliwe, wakiamini anayewahi kuingia anapona, nimerudia mstari wa 7 mpaka ukanichoma.

Yule jamaa alikua hawezi miaka 38. Yesu anamuuliza, "Wataka kuwa mzima?" swali la kujibu kwa neno moja tu, sasa skia jibu lake: "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani, maji yanapotibuliwa." Hasemi nataka wala sitaki, anaeleza habari za watu. Mwenye uwezo amesimama mbele yake anaongea naye, na yeye macho bado yako kwa maji na kwa huyo mtu ambaye hajatokea.

Hapa Mombasa hiyo lugha tunaijua sana. Ukisema unatafuta kazi wenzako hawakuulizi umesomea nini, wanakuuliza "uko na mtu ndani?" Basari ya mtoto, uko na mtu? Mpaka tumeamini asiye na mtu amekwisha.

Mwaka jana mimi nilikua na mtu. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikua na kazi nzuri, akaniambia "tulia, hilo niachie mimi", nikatulia kweli. Kibarua kilikua kimeisha, kodi ya miezi 2 iko nyuma, na kila asubuhi kabla sijamshukuru Mungu hata kwa kuamka nishashika simu naangalia kama amejibu. Tiki mbili za buluu, kimya. Navuka feri Likoni nimebanwa kwenye umati na simu nimeishika mkononi isije ikalia nisiskie. Na nilikua naomba, tena kwa kufunga, lakini ombi lenyewe lilikua "Bwana mguse binamu". Nishamchagulia Mungu mlango wa kupitia! Na vile siku zilivyoenda nikaanza kumchukia yule kijana moyoni, hata jina lake likitajwa nyumbani natoka nje.

Jioni moja unga umeisha kabisa, mlango ukagongwa. Ni mama jirani, yule anayeuza mahamri na mbaazi pale nje ya ploti, ameshika sufuria imefunikwa sahani, akasema tu "leo zimebaki, wape watoto", akaenda zake. Mbaazi za nazi bado moto, nikiinua sahani mvuke unadondoka matone. Huyo mama sikuwahi kumuhesabu kati ya watu wangu, hata siku moja.

Nikakumbuka nabii Eliya, 1 Wafalme 17. Akiwa kando ya kijito Mungu alimlisha kwa kunguru, ndege ambao hapa kwetu tunawafukuza kutwa, asubuhi mkate na nyama, jioni mkate na nyama. Kijito kilipokauka akaambiwa aende Sarepta, kwa mjane ambaye naye amebakiza konzi ya unga na mafuta kidogo. Eliya hakubaki pale kijitoni analaumu kunguru, aliinuka akaenda.

Zaburi 146:3 inasema, "Msiwatumainie wakuu, wala binadamu ambaye hakuna wokovu kwake." Zamani nilikua nausoma kama mstari wa kuwasema watu wabaya, kumbe hata mtu mzuri anayekupenda anaishiwa. Na yule wa Bethzatha hakuna aliyemtia majini mpaka mwisho, aliambiwa "Simama, jitwike godoro lako, uende", akaenda, birika akaliacha pale pale.

Kazi bado sijapata ya kudumu, nasema ukweli, lakini tumekula na kodi imelipwa kidogo kidogo.

Juzi ndo nikaskia binamu mwenyewe alisimamishwa kazi kitambo, aliona haya kuniambia. Nikapanda matatu mpaka kwake Mikindani na sukari kilo moja. Tukanywa chai ya rangi, mara ya kwanza tangu mwaka jana nakaa naye bila kumtaka kitu, na tulipoinama kuomba nikamuombea yeye kazi.