Siku yangu moja na amiba wanaojificha

Saa 1 asubuhi. Inkubeta kwanza, kabati la kutunzia joto lisibadilike; chai baadaye. Entamoeba invadens hukua vizuri kwenye nyuzijoto 25 hivi, kwa hiyo hapa Dar inkubeta yetu kazi yake ni kupoza. Huyu ni amiba, kijidudu cha seli moja, wa nyoka na mijusi. Tunamfuga kwa sababu ndugu yake, Entamoeba histolytica, yule anayetuharisha damu, akilelewa maabara peke yake hagomi kukua, ila hugoma kutengeneza sisti, yaani kujifungia ndani ya ganda gumu. Huyu wa mijusi hukubali.

Saa 2. Tyubu zinakaa kwenye barafu dakika 10. Amiba hung'ang'ania kioo kama kupe. Baridi ndiyo huwabandua. Nahesabu.

Saa 4. Nawahamishia kwenye chakula kisicho na glukosi, kilichozimuliwa kwa maji karibu nusu. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kwa njaa hiyo amiba huacha kutambaa, hujiviringa, hujijengea ukuta wa kitini, kitu kilekile cha ganda la mdudu, na kiini chake kimoja huwa vinne. Huchukua siku 2 hadi 3. Tyubu nyingine natia metronidazoli, dawa ya amiba, nyingine kiyeyusho kitupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia dawa bila dawa yenyewe, maana nisipofanya hivyo sitajua aliyeua ni nani.

Dawa hiyo huingia ikiwa imelala. Ndani ya amiba, penye oksijeni haba, vimeng'enya vyake mwenyewe huipa elektroni, nayo huamka na kuharibu DNA na protini.

Saa 7 mchana, wali maharage. Mama lishe ananiuliza: "Mwanangu, dawa za amiba nimekunywa siku mbili, tumbo limetulia. Niache?"

"Usiache, mama. Maliza dozi, kisha rudi kwa daktari umuulize dawa ya pili."

Namweleza kwamba metronidazoli hufyonzwa karibu yote kabla ya kufika utumbo mpana, na sisti huko hubaki. Ndiyo sababu hufuatishwa paromomisini au diloksanidi. Inaniuma kwamba wengi hawaambiwi hili.

Saa 9. Tyubu za siku tatu zilizopita natia sarkosili, sabuni kali: amiba watambaao huyeyuka, sisti husalia. Zilizopata dawa tangu saa ya kwanza, sisti ni za kuhesabu kwa vidole. Zilizopata baada ya siku nzima ya njaa, zimejaa tele, ukuta umeshakauka.

Nimerudia kuhesabu mara tatu. Kesho dawa nitaitia katikati, njaa ikiwa imedumu kwa muda wa saa 12.