Fungu la Aliyebaki na Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:21–25

Wapendwa katika Bwana, Daudi alipowafuatia Waamaleki walioiteketeza Siklagi, mji aliokaa na watu wake, na kuwateka wake na watoto wao, watu 200 kati ya 600 walichoka mno wakashindwa kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na mizigo. Wale 400 waliporudi na nyara, baadhi yao walitaka wenzao warudishiwe wake na watoto tu. Daudi akakataa, akaweka iwe sheria katika Israeli kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo watagawana sawasawa.

Nikilisoma neno hili humkumbuka marehemu Ronnie Moran wa klabu ya soka ya Liverpool, kule Uingereza. Aliingia katika klabu hiyo mwaka 1949 akiwa kijana wa miaka 15, akacheza beki wa kushoto, akawa nahodha, kisha akastaafu kucheza na kubaki palepale akiwa kocha msaidizi hadi mwaka 1998. Ni miaka 49 katika nyumba moja. Yeye na wenzake, kina Bob Paisley na Joe Fagan, walikutana katika chumba kidogo cha kutunzia viatu pale Anfield, uwanja wa klabu hiyo, wakaichambua mechi iliyopita na kuipanga ijayo. Aliishika timu kwa muda meneja Kenny Dalglish alipojiuzulu mwaka 1991, na tena meneja Graeme Souness alipofanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1992. Kila mara alirudi kwenye kazi yake ya siku zote.

Wachezaji wake wamesimulia kwamba, baada ya kutwaa ubingwa, Moran aliwaletea medali ndani ya boksi, akawaambia anayeona anastahili achukue yake, kisha akawakumbusha mazoezi ya msimu mpya. Nimelitafakari sana boksi lile, na mikono iliyolibeba.

Katika usharika wetu yuko mama ambaye kila Jumamosi jioni huosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe na kuviinua kwenye mwanga aone kama pamebaki alama. Jumapili tunamshukuru mhubiri, tunaishukuru kwaya. Mimi mwenyewe nimekipokea kikombe hicho miaka mingi bila kuuliza nani amekiosha, ilhali kwa sheria ya Besori fungu lake halipungui hata kidogo mbele ya fungu la mhubiri. Jumamosi iliyopita nilimuuliza ni mwaka wa ngapi sasa. Alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuhesabu, akaniomba nimshikie sinia.