Itifaki iliyokataliwa: pakiti imepita, mwizi alikuwa cheksamu

Saa nane usiku tcpdump (programu ya kuona pakiti zinazopita) ya upande wa seva imeandika mstari mmoja, na safari hii programu yangu haikuitupa pakiti hiyo. Nimepiga kelele hadi jirani kagonga ukuta.

Mliouliza kama rasimu ya itifaki yangu, yaani kanuni nilizoandika za vifaa kutumiana data, ilikataliwa: ndiyo, ilikataliwa. Sababu fupi tu, kwamba QUIC, itifaki iliyopo tayari, inatosha. Sikubali. Pakiti ya kwanza ya mteja wa QUIC lazima ijazwe ifike angalau baiti 1200, na mimi nina kifaa cha kupimia tangi la maji kinachotaka kusema baiti 12 kisha kilale. Hiyo ni kukodi Fuso kubeba kitunguu kimoja. Aliyenitajia CoAP, itifaki ya vifaa vidogo kama hiki, wewe bado sina jibu lako.

Kuhusu kupita moja kwa moja juu ya IP (ngazi ya anwani za mtandao) kwa namba ya itifaki ya majaribio, 253, nimesalimu amri. SCTP, itifaki nyingine, ina namba yake rasmi, 132, na RFC (waraka rasmi wa kanuni) tangu 2000, na bado ruta nyingi za nyumbani haziipitishi. Mimi nani? Itifaki yangu nimeivika UDP, itifaki nyepesi ambayo ruta huipitisha, baiti 8 zaidi, yameisha.

Hayakuisha. Kwenye waya hapa ndani kila kitu safi. Nikihamia hotspot ya simu, pakiti inafika seva, naiona kwa macho yangu, halafu programu inaitupa: cheksamu, namba ya kukagua kama data imefika salama, hailingani. Wiki tatu! Nimelaumu mpangilio wa baiti, nimeandika upya fanksheni mara mbili, nimelaumu hata kompaila, kama afanyavyo mtu aliyeishiwa.

Juzi nikachapisha cheksamu zote mbili, iliyotumwa na iliyohesabiwa na seva, kwa heksadesimali, nikatoa moja kwenye nyingine. Tofauti ileile, pakiti baada ya pakiti. Nikazima data, nikawasha: tofauti mpya, nayo ikaganda hapohapo. Kumbe nilinakili kichwa bandia cha itifaki ya TCP, kile kinachoingiza anwani za IP kwenye hesabu. Laptop inahesabu kwa 192.168.43.57, NAT, kibadilisha anwani cha mtandao, inabadilisha anwani njiani, seva inahesabu kwa anwani ya nje. Cheksamu ya UDP, NAT inaisahihisha. Yangu iliyojificha ndani haijui hata kama ipo.

Dawa ilikuwa kufuta mistari 11. CRC32c, cheksamu ya SCTP, haigusi anwani kabisa. Ningesoma waraka wao vizuri ningelala.

Wapenzi wa Wireshark, programu ya kuona pakiti kwenye madirisha, mtanisamehe, ile ni ya kuonyesha wageni. Usiku, kwa ssh (kuingia seva kutoka mbali), tcpdump -X haina mpinzani.

Wiki hii nilipanga kuandika upya sehemu ya nne ya rasimu. Sijaigusa. Maana kama anwani haimo tena kwenye hesabu, kwa nini mazungumzo yafe anwani ikibadilika? Nimeweka kitambulisho cha mazungumzo cha baiti 4. Najua, najua, QUIC wanacho.

Nimezima hotspot katikati ya mazungumzo, nikarudi kwenye waya. Pakiti ya 41 imejibiwa. Ya 42 bado naisubiri.