Simu ya mamdogo sasa anapokea mwenyewe

Kwa miaka mingi simu ya mamdogo wangu ilikuwa inapokelewa na watu wengine, mara mimi, mara binti yake, mara yule kijana anayembebea magunia pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Anauza dagaa. Alipoteza usikivu ukubwani baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, na dagaa bila simu hakuna biashara jamani, mzigo unatoka Ukerewe usiku, bei inabadilika asubuhi, mteja yuko Tunduma anataka kujua yamebaki magunia mangapi na yanapanda gari gani. Meseji zilisaidia kiasi, ila mtu yuko mtumbwini mikono imelowa hana muda wa kuandika, anataka aongee amalize. Na sio biashara tu, kuna mambo ya daktari, ya madeni, ya ndoa za watoto, yote yalikuwa yanapita kwetu kwanza ndo yamfikie yeye. Hilo lilimuuma kuliko hata kutosikia honi za bodaboda, kuna siku aliniambia "mwanangu, mimi sina siri hata moja."

Kwa hiyo mtu akiniuliza kile kipandikizi cha sikio alichowekewa kimemsaidia nini, najibu simu. Mengine yanafuata.

Nieleze kidogo maana wengi wanachanganya na shimesikio. Shimesikio inakuza sauti, basi. Kipandikizi kina sehemu mbili: ndani, chini ya ngozi nyuma ya sikio, kuna kifaa chenye kiuzi cha elektrodi kinachoingia kwenye koklea, yaani sehemu ya ndani kabisa ya sikio, na kuamsha mshipa wa fahamu wa kusikia moja kwa moja. Nje kuna prosesa yenye maikrofoni na betri, na koili ya duara inayong'ang'ania kichwani kwa sumaku. Sauti na umeme vinapita kwenye ngozi kutoka kwenye koili, ile ya ndani haina betri. Wa kwanza kuweka chenye elektrodi nyingi Australia ni Profesa Graeme Clark, Melbourne, mwaka 1978, na mimi hadithi yake inanigusa kwa sababu baba yake alikuwa mfamasia asiyesikia vizuri, wateja ikabidi wapaze sauti dukani kusema wanaumwa nini na wanataka dawa gani. Yaani hata kule shida ilikuwa hiyohiyo, siri za watu kusikika na wote.

Sasa kuwa na kipandikizi peke yake bado simu ni mtihani. Unaiweka karibu na maikrofoni ya prosesa, spika ya simu yenyewe inakwaruza, halafu prosesa inabeba na kila kitu kilichopo, na Mwaloni mnapajua, wapakuaji wanapiga kelele, mashine ya boti, spika za matangazo, upepo wa ziwa. Zamani ulikuwa unavaa kifaa kingine kifuani cha kuunganisha. Mwaka 2017 ikatoka prosesa ya Nucleus 7 ya kampuni ya Cochlear, ya kwanza ya vipandikizi kuungana na iPhone moja kwa moja kwa blututhi bila kitu cha katikati, baadae na baadhi ya Android zikaingia. Sauti ya anayepiga inatoka kwenye simu inaingia kwenye prosesa ikiwa safi, haipiti hewani kabisa, na kwenye programu ya simu unaweza kupunguza sauti za nje wakati unaongea. Upepo uvume unavyotaka. Ila kwa simu nyingi sauti yako wewe bado inachukuliwa na maikrofoni ya simu, kwa hiyo isogeze mdomoni, usiiache mfukoni halafu ulalamike hawakusikii.

Mamdogo hakuanza siku hiyohiyo, msije mkadanganyika. Mwanzoni anasema sauti zote zilikuwa kama za katuni, ubongo unajifunza upya, inachukua miezi. Alianza kupigiwa na binti yake tu, maneno aliyoyazoea, "mwangaluka, umekula?", halafu namba, halafu wateja wageni. Mpaka leo mtu akiongea haraka sana anamwambia rudia, na watu wanarudia.

Kitu nachotaka kila familia ijue kabla ya kununua: sio kila simu inakubali. Prosesa nyingi zina orodha ya modeli za simu, na hizi simu za bei ya chini tunazonunua Makoroboi mara nyingi hazimo. Kuna prosesa za Advanced Bionics, zile za Naída CI M, zinatumia blututhi ya kawaida kwa hiyo zinakubali karibu simu yoyote yenye blututhi, na kwa mtu wa kipato chetu hilo ni jambo kubwa mno. Ila prosesa lazima iendane na kile kilichopandikizwa ndani, huchanganyi kampuni, ndio maana maswali ya simu yaulizwe KABLA ya upasuaji.

Na hapana, simu ikizima chaji sikio halizimi. Prosesa inafanya kazi yenyewe, simu ni nyongeza. Ukiongea sana kwa blututhi betri ya prosesa inaisha haraka, hiyo kweli, na kwa umeme wetu beba betri ya akiba.

Jambo lingine ni umbali. Muhimbili walianza kupandikiza hapa nchini 2017, kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wanapelekwa India, hiyo ni hatua nzuri sana. Lakini upasuaji ni mwanzo tu, kifaa kinatakiwa kusetiwa mara kwa mara na mtaalamu wa usikivu, na Mwanza mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, nauli, pa kulala, siku za kazi zinapotea. Kuna prosesa ambazo mtu anajipima usikivu kwa simu yake akiwa nyumbani, anapiga picha ya sehemu ya koili, mtaalamu anaona majibu kwa mbali, na nyingine anazirekebisha kabisa kwa video. Ila kliniki yako lazima iwe imejiunga na huduma hiyo. Natamani sana hili lifike kanda ya ziwa, mtoto wa Sengerema asisafiri siku mbili kwa kitu cha dakika 30.

Wasio na kipandikizi, na ni wengi mno, wajaribu programu ya Google ya Live Transcribe, inaandika kwenye skrini anachosema mtu aliye mbele yako, ni ya bure na Kiswahili kimo. Na wanaotumia lugha ya alama waachwe na lugha yao, hakuna kifaa kinachoifuta.

Mkienda kuonana na daktari ulizeni: prosesa hii inaungana na simu gani, waya wa koili ukikatika unapatikana wapi na bei gani, prosesa ya nje ikifa baada ya miaka nani analipia nyingine, kusetiwa tunaweza kwa mbali au lazima Dar. Na mgonjwa mwenyewe aende na simu yake mkononi, ijaribiwe palepale kabla hamjalipa chochote.