Kontena la futi 20 lilivyoniamulia skeli ya treni za mfano

Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam aliniambia kwamba treni za mfano hazina ugumu: magurudumu yakikaa kwenye reli, basi ukubwa ni mmoja, nunua tu. Si kweli hata kidogo, na mpaka leo ushauri ule unanikera, kwa sababu unamfanya mtu ajaze kabati vitu visivyoweza kuonekana pamoja.

Mimi ni seremala hapa Mtwara mjini. Miaka mingi nimetamani kutengeneza mfano wa reli yetu ya kusini, ile waliyojenga Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya vita, kutoka pwani kwenda Nachingwea. Mpango uliachwa 1951, na reli ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wengi wa hapa ukiwaambia treni iliwahi kupita kusini wanadhani unawatania. Marehemu babu aliipanda, na ndiye aliyenitia hamu hii. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, kama reli ya kati ya zamani, wala si milimita 1435 kama SGR. Kila hesabu niliyofanya baadaye imetoka hapo.

Shemeji yangu aliyeko Ujerumani alinitumia boksi la mabehewa yaliyotumika. Boksi jingine, la vitu vya Kiingereza, nilichukua kwa yule muuzaji kwa laki moja na ushei, ukihesabu na mzigo wa basi. Yote yanatembea kwenye reli ya milimita 16.5. Nilipoyaunga juu ya meza, jicho la fundi likakataa. Ya Kiingereza yalikuwa yamenenepa.

Nikaanza kupima mabehewa ya abiria. Behewa la kisasa la Ulaya lina mita 26.4, na skeli ya HO, mojawapo ya saizi za treni za mfano, ni 1:87, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 87, kwa hiyo nilitarajia sentimita 30 na kidogo. Rula ikanipa 28 kwa moja, 26 na nusu kwa jingine, na yote mawili yalitoka boksi la shemeji! Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kumbe watengenezaji wengi huacha upana na kimo kwenye 1:87 lakini hukata urefu makusudi, ili behewa lizunguke kona kali za mezani bila ubavu kutokeza nje. Kwa hiyo urefu wa behewa la abiria usikuongoze, hata kama limeandikwa HO.

Jibu nililipata barabarani. Msimu wa korosho malori yanapanga foleni kwenda bandarini, na yaliyobeba makontena yanapita karibu na karakana yangu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, liwe Mtwara, Hamburg au Yokohama. Kwa kuwa ni fupi, mtengenezaji hana sababu ya kulikata. Na katika maboksi yote mawili mlikuwa na mabehewa ya makontena!

Nikaingia karakanani, nikachukua masalia ya mninga, nikachonga vijiti, kila kijiti ni urefu wa kontena hilo katika skeli moja. Cha Z, 1:220, kina milimita 27 na nusu. Cha N, 1:160, kina 38. TT, ambayo ni 1:120, kimefika 50 na nusu. HO ni 70 kasoro kidogo. OO ya Waingereza, 1:76.2, ni 79 na nusu. O ya 1:43.5 ni mara mbili kamili ya HO, 139. Cha G, 1:22.5, kina sentimita 27, unaweza kukitumia kama rula. Nilivipiga msasa, nikaviandika namba, nikavipanga kwa mpangilio. Nakwambia, hakuna jedwali litakalokuonyesha tofauti za skeli vizuri kama vijiti vile vikiwa vimelala pamoja mezani. Watoto wa jirani wasiojua chochote cha reli walielewa papo hapo.

Kontena la shemeji likalala sawasawa na kijiti cha HO. Lile la Dar likakipita kwa karibu sentimita nzima, likatulia kwenye cha OO. Reli moja, skeli mbili! Zidisha 16.5 kwa 87, unapata 1435, reli halisi ya Ulaya. Zidisha kwa 76.2, unapata 1257, yaani treni ya OO imesimama juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili. Sababu ni kwamba vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya bara la Ulaya, na mota za umeme za wakati OO inaanza hazikuenea ndani yake kwa 1:87. Wakakuza bodi, reli wakaiacha ilivyo.

Sasa reli yetu ya mita moja. Gawa 1000 kwa 87, unapata 11.5, kwa hiyo bodi za HO zinataka reli ya milimita 12. Reli hiyo ipo tayari, ni ile ya TT. Ila mataruma yake yamebanana mno, kwani yamepimwa kwa 1:120. Niliyang'oa yote nikaweka ya mninga ya milimita 22, na hii ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Uking'oa, acha moja kila baada ya machache mpaka gundi ya mapya ikauke, la sivyo upana unakukimbia.

Kama una ua mkubwa, G imekusudiwa reli ya mita tangu LGB, kampuni ya Ujerumani, walipoianzisha 1968, kwa upana wa milimita 45. Lakini piga hesabu kwanza. Garratt ya daraja la 59, kichwa kikubwa cha mvuke kilichokuwa ikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ilikuwa na mita 31 na ushei. Kwa G ni mita 1.4, kichwa peke yake. Kwa HO ni sentimita 36.

Angalia pia umeme: vichwa vya HO vya Märklin, kampuni nyingine ya Ujerumani, huchukua umeme katikati ya reli, havitembei kwenye reli za kawaida bila kubadilishwa.

Wenzangu wa Mbeya wanaotaka TAZARA wasinifuate kwenye milimita 12. Reli yao ni 1067, kwa hiyo ile ya 16.5 inawafaa kabisa, ilimradi bodi ziwe 1:64, na kontena lao la futi 20 lisome milimita 95 hivi.