Zaburi Iliyoishia Gizani

Ilikuwa wiki yangu ya sita ya kusafishwa damu, na nilikuwa nimeacha kusali. Sikugombana na mtu wala kutangaza, niliacha tu. Figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi na mashine ndiyo iliyonipangia maisha: mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, sindano mbili mkononi, moja ikitoa damu na nyingine ikiirudisha. Siku za katikati zilikuwa za kiu. Asiyewahi kupimiwa maji hajui kiu ni nini. Usiku niliota mabomba yanayovuja.

Kiti cha jirani kilikuwa cha mzee aliyetutangulia wote pale. Kisukari kilikuwa kimemchukulia karibu macho yote. Jumatano hiyo alitoa Biblia mfukoni, akalipapasa jalada lake polepole, kisha akaninyooshea.

"Mwanangu, nisomee Zaburi ya 88."

"Mzee, mimi na Mungu siku hizi hatuzungumzi."

"Sijakuomba uzungumze naye. Nimekuomba unisomee mimi."

Nikaipokea kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye mipira ya damu, nikawa nafunua kurasa kwa kidole gumba. Nilianza mbiombio ili nimalize. Nilipofika mahali mtu yule anaposema nafsi yake imeshiba taabu, nikapunguza mwendo. Desturi ya Zaburi za kilio niliijua: mtu hulia weee, halafu mwishoni hugeuka akasifu. Nikawa naungojea mgeuko huo. Haukuja. Aya ya 18 ikaishia gizani, na chini yake ikaanza Zaburi nyingine.

"Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo. Na hakuna aliyethubutu kuiongezea mwisho mzuri. Hebu rudi mstari wa kwanza. Anamwitaje Mungu?"

"Mungu wa wokovu wangu."

"Haya. Analia, lakini analia mbele zake."

Mkono mmoja ulikuwa na kitabu na mwingine haukuruhusiwa kusogea, kwa hiyo machozi yakashuka mpaka shingoni bila wa kuyafuta. Muuguzi alidhani ni sindano. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu mateso, na mengi yana haraka; yanamwinua Ayubu kutoka majivuni kabla hajakaa. Mzee yule aliniacha nikae.

Ijumaa akataka Maombolezo. Ule mstari wa rehema zilizo mpya kila siku asubuhi niliujua tangu utotoni, tena kwa moyo. Lakini sikuwahi kuanzia mwanzo wa sura ya 3, ambako mtu huyo huyo analia kwamba meno yake yamevunjwa kwa changarawe, na Yerusalemu yake ni magofu. Hakutoka kwenye magofu kwanza ndipo azione hizo rehema. Aliziona akiwa humo humo.

Figo hazikurudi. Ila wiki zilizofuata nikajikuta, kila usiku wa kuamkia zamu yangu, natafuta sura ya kumsomea mzee, naweka alama kwa penseli, nayarudiarudia majina ya Kiebrania nisije nikajikwaa. Mwanzoni nilikuwa napeleka pale mkono tu, uchomwe. Sasa nilikuwa na kitu cha kupeleka. Na kusali kulirudi bila kuagana nako, katikati ya maandalizi hayo.

Siku moja akaletwa binti, mara yake ya kwanza, kiti cha upande wangu wa pili. Alikuwa amekodolea macho mpira wake ukigeuka mwekundu, meno yakigongana. Mzee alikuwa amesinzia, nami naendelea kusoma kwa kunong'ona, kwa mazoea.

"Kaka," akasema, macho bado kwenye mpira, "ongeza sauti kidogo."

Nikarudi mwanzo wa sura.