Swali la jikoni

Nimerudi kutoka Arumeru, mkoani Arusha, jioni hii, vumbi hadi masikioni. Mama amepiga simu kuuliza nimetibu watu wangapi. Miaka 11 ya epidemiolojia, yaani kusaka ugonjwa unatoka wapi na unampata nani, na bado haelewi ni daktari gani huyu asiye na sindano.

Kazi yangu ni kuuliza. Huku chini ya Mlima Meru maji hupita kwenye miamba ya volkano, yakatoka na madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita; chemchemi nyingi za huku zimepita hapo, nyingine mara kadhaa. Meno hugeuka kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hupinda. Ila jino huharibika lingali linajengwa ndani ya ufizi, kabla mtoto hajafika kama miaka 8. Kwa hiyo nikikutana na kijana wa miaka 20, maji anayokunywa leo hayaniambii kitu. Namtafuta mama yake: huyu alipokuwa mgongoni, mlichota wapi?

Zamani nilidhani swali hilo linatosha. Kuna kitongoji maji yake niliyapima mara tatu, hayana neno, na watoto meno kahawia vilevile. Nikalaumu kipimo, nikawalaumu wasaidizi wangu (wanisamehe). Siku moja mvua ikanizuia jikoni kwa watu, nikamwona mwenye nyumba akitupia magadi kwenye sufuria ya makande, maharage yaive upesi. Magadi! Watafiti waliotutangulia walishaandika kwamba hubeba floridi, mengine nyingi ajabu. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote, na dodoso langu halikuwa na hata mstari mmoja kuhusu sufuria. Niliona aibu kunywa chai yao.

Leo nimeanzia jikoni. Bibi mmoja amenisimulia visima vyote tangu alipoolewa, kisha akanitazama mdomoni.

"Na wewe mwanangu, ulizaliwa wapi?"

"Tanga, bibi."

"Ndiyo maana unacheka bila kuziba mdomo."

Nikamshauri aache magadi, maharage ayaloweke usiku kucha. Akasema hata yakilowekwa yatakaa motoni muda mrefu kuliko yenye magadi.

"Na kuni utaniletea wewe?"

Nimeliandika swali lake pembeni ya karatasi. Safu ya kuni sina.